Jani la mwembe na hati ya kiwanja: kisa cha jumba la sinema la Tabora

Mwezi wa nane mwaka jana nilipigiwa simu na mama mmoja wa hapa Tabora. Nilimfahamu kwa sura tu, maana duka la marehemu baba yake lilikuwa jirani na shule niliyosoma. Akaniambia, "Mwanangu, sisi watoto wa marehemu tunagombana juu ya lile jumba. Njoo ulitazame, utuambie kama bado lina uhai au tulivunje."

Lile jumba ni sinema. Aliyekulia Kanyenye, Gongoni au Chemchem hahitaji kuelekezwa lilipo. Sitalitaja jina wala sitaitaja familia, kwa sababu shauri la mirathi liko mahakamani na wenyewe tunapishana nao sokoni kila siku. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, na kazi yangu kubwa ni nyumba za zamani. Nilikwenda siku ya pili yake, na tangu hapo jengo hilo halijanitoka kichwani. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu miji mingi ya nchi yetu ina jengo la namna hii, na kwa sababu tulikaribia kulipoteza kwa kugombania swali ambalo wakati wake haujafika.

Jengo lenyewe

Mbele kuna ukuta mrefu uliopanda juu kupita paa, wenye mistari mitano ya saruji iliyosimama wima na kona zilizoviringwa, mtindo uliopendwa na waliojenga sinema Afrika Mashariki miaka ya 1940 na 1950. Juu ya mlango limejitokeza zege kama kofia. Chini yake ndipo watu walipojikinga jua wakisubiri dirisha la tiketi lifunguliwe. Herufi za jina zimeng'olewa siku nyingi, lakini ukisimama upande wa pili wa barabara asubuhi bado unalisoma, maana rangi iliyokuwa chini ya herufi haikupauka kama ukuta mwingine.

Ndani ni ukumbi wa mita 26 kwa 13, balkoni ndogo ya safu tano nyuma, na sakafu inayoteremka kuelekea kwenye pazia la kuoneshea picha. Pazia lenyewe halipo. Umebaki ukuta uliopakwa chokaa, na katikati yake mtu wa mitumba aliwahi kupigilia misumari ya kutundikia makoti. Viti viliuzwa. Kuna safu mbili tu za viti vya mbao vya kukunja, zimesukumwa pembeni chini ya balkoni, namba zake za chuma bado zipo.

Nilitaka mtu anayelijua jengo kabla halijawa ghala. Wakanielekeza mtaa wa Ng'ambo, kwa mzee aliyekuwa opereta wa mashine tangu ujana wake hadi siku ya mwisho. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetaka kuivunja sinema yangu?"

Nikamwambia nimeitwa kutazama tu. Akaomba aletewe viatu, tukaondoka wote.

Kwenye chumba cha mashine alipanda taratibu, mkono mmoja ukutani, akasimama katikati kama mtu aliyeingia chumbani kwake baada ya safari ndefu. Chumba hicho ni kidogo, hatua tano kwa tatu, kimejengwa kwa kuta nene kuliko sehemu yoyote ya jumba. Nilipomuuliza sababu, alinyoosha kidole kwenye vitundu vinne vinavyotazama ukumbini. Juu ya kila kitundu limening'inia bamba la chuma kwenye mnyororo. Filamu za zamani, kabla ya miaka ya 1950 mwanzoni, zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka kwa kasi na ambacho hata maji hayakizimi. Moto ukitokea, kipande cha madini laini kwenye mnyororo kinayeyuka, bamba linaanguka lenyewe na kuziba kitundu, watazamaji wanapata nafasi ya kutoka. Hata filamu salama zilipokuja, wajenzi waliendelea kukijenga chumba hivyo. Nilisukuma bamba moja kwa kidole. Likateremka bila kukwama.

Mashine moja bado ipo, imefunikwa na kutu na kinyesi cha popo. Mzee alifungua mlango wake wa pembeni akanionyesha vishikio viwili ambamo vijiti vya kaboni vilikuwa vinakaa vikitazamana. Umeme ukipita kati ya ncha zake unazaa mwanga mkali kama wa kuchomelea, na vijiti vinaliwa polepole, kwa hiyo opereta lazima avisogeze muda wote, vinginevyo picha inafifia na watu wanapiga miluzi. Mkanda mmoja ulichukua kama dakika 20. Ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Karibu na mwisho wa mkanda kinatokea kialama cha mviringo kwenye kona ya juu kulia ya picha, mara moja kujiandaa, mara ya pili kubadilisha. "Ukikosea hapo," alisema, "stelingi, yule shujaa wa picha, anabaki na ngumi hewani, na ukumbi mzima wanakutukana mama yako." Kisha akainama chini ya rafu akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vipande vya kaboni vilivyobaki, vifupi kama vidole vya mtoto. Alivihesabu, akavirudisha.

Jinsi lilivyokufa

Watu wengi hapa mjini watakwambia sinema iliuawa na televisheni. Mimi nimefika mahali siamini hivyo, na sababu zangu ni hizi.

Tabora ulikuwa mji wa kupata sinema kwa sababu ya reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikaenda kumalizikia Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Hapa ndipo njia zilipogawanyika. Abiria wa Mwanza na wa Kigoma walilala hapa, wafanyakazi wa reli walipokea mishahara hapa, wanafunzi wa shule za bweni walikuwa hapa. Mikebe ya filamu, anasema mzee, ilishuka kwenye treni kutoka Dar es Salaam, ikaoneshwa siku chache, ikapandishwa tena kwenda mji unaofuata. Treni ikichelewa, bango la Jumamosi linabadilishwa. Picha za Kihindi zilijaza kuliko zote. Baadaye zikaja za Kichina, za ngumi, na vijana wa Isevya wakaanza kurukaruka barabarani. Mama aliyenipigia simu anakumbuka onyesho la wanawake la Jumapili mchana, yeye na mama yake na shangazi zake balkoni, wamebeba karanga kwenye kanga.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kwa mujibu wa familia, jumba hili lilinusurika kwa kuwa mwenyewe, mfanyabiashara wa Kihindi, alilitumia mwenyewe bila mpangaji. Lakini alishatishika. Hakutia tena shilingi ya maana kwenye paa. Hapo hapo uingizaji wa filamu ulikuwa umeingia mikononi mwa umma kupitia Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, na mwishoni mwa miaka ya 1970, hasa baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zikawa adimu. Filamu mpya hazikuja, vijiti vya kaboni havikuja, na balbu pia. Mzee anasema kuna mkanda waliuonesha hadi ukawa na mikwaruzo kama mvua ya masika.

Mwaka 1984 mwenye jumba aliuza, akahama. Aliyenunua ni marehemu baba yao hawa ndugu, mfanyabiashara wa mazao. Alijaribu kuendelea na sinema miaka minne, kisha akaifanya ghala la magunia, baadaye akawapangishia watu wa mitumba. Video zilikuwa zimeshaingia. ITV ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, na kufikia wakati huo jumba lilikuwa na miaka sita bila kuonesha picha. Televisheni ilikuta maiti.

Na tazama yaliyotokea baadaye. Vibanda umiza, vile vibanda vya kuoneshea video, vikaota kila mtaa. Watu wakalipa kukaa kwenye benchi, jasho linawatiririka, kumsikiliza Lufufu, mtafsiri maarufu wa video, akiwatafsiria picha kwa Kiswahili. Hadi leo ukipita usiku wa mechi ya Simba na Yanga utaona vijana wamebanana vibandani hadi nje. Kiu ya kutazama kwa pamoja haijawahi kuisha hapa Tabora. Kilichoisha ni jengo lenye mtu wa kulitunza.

Maji

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, kwa sababu hapa ndipo kisa kilipo.

Nilikagua mwezi wa nane, kiangazi kikali. Tabora mvua zetu zinaanza Novemba na kuisha Aprili, kisha miezi ya kiangazi karibu hakuna tone. Mwezi wa nane jengo lolote linaonekana kavu. Ndugu mmoja aliyekuja nami alisema, "Unaona fundi, halina shida kubwa." Lakini ukuta wa mbele, upande wa ndani, ulikuwa na chumvi nyeupe iliyochomoza kuanzia juu kushuka chini kama ramani ya mto. Chumvi inayoanzia chini inakwambia maji yanapanda kutoka ardhini. Hii ilianzia juu.

Nikaweka ngazi. Nyuma ya ule ukuta mrefu wa mbele, pale paa linapokutana nao, kuna mfereji wa zege uliofichwa, upana wa mikono miwili, unaokusanya maji ya nusu ya paa na kuyapeleka kwenye bomba moja la inchi nne upande wa mashariki. Jengo limepakana na miembe, kama nusu ya mji huu, miembe ambayo mingine ilianza kuota enzi za misafara. Mfereji ulikuwa umejaa majani ya mwembe hadi pomoni. Ya juu makavu, ya kati meusi, ya chini yameshageuka udongo kabisa, na katika udongo huo ulikuwa umeota mtini wenye urefu wa kufika kifuani kwangu, mizizi yake imeingia kwenye kichwa cha ukuta. Niliingiza mkono kwenye mdomo wa bomba hadi kwenye kiwiko, sikufika mwisho wa uchafu.

Maana yake ni kwamba kila mvua, kwa miaka mingi, maji yote ya upande ule yalikosa pa kwenda, yakaingia kwenye ukuta. Na ukuta ulijengwa kwa tofali za kuchoma na udongo wa chokaa, vitu vinavyopumua; vinalowa na kukauka. Ila miaka ya tisini mtu aliupiga lipu ya saruji pande zote mbili ili upendeze. Saruji ikafungia maji ndani. Nilipogonga kwa nyundo, lipu ililia kama debe tupu.

Ncha za kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimekaa kwenye ukuta huo huo. Kenchi ziko tisa, za mbao, zinavuka mita 13. Tano za nyuma ni nzima, mbao ya zamani ngumu ambayo bisibisi haiingii. Nne za mbele, nilipochoma bisibisi kwenye ncha iliyokaa ukutani, iliingia hadi kwenye mpini, ikatoka na unga. Maji yalilainisha, mchwa wakamalizia. Nikateremsha timazi, kamba yenye kizito cha kupimia wima, kutoka juu ya ukuta wa mbele. Kwa urefu wa mita sita ukuta umeinamia barabarani sentimita nne.

Sentimita nne si mwisho wa dunia. Lakini ukuta huo umeshikwa na paa. Ncha za kenchi zikiachia, ule mrefu wa mbele unabaki umesimama peke yake juu ya njia wanayopita wanafunzi kila asubuhi. Nilimwambia mama yule siku hiyo hiyo, kabla ya ripoti, wauzaji wa matunda wasogezwe kutoka chini ya kofia ya zege. Walisogezwa kesho yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo napenda kila anayemiliki jengo la umri huu alijue. Bodi za silingi juu ya balkoni ni za kijivu, nyembamba, ngumu, na zikivunjika zinaonesha nyuzinyuzi. Hizo nilizihesabu kuwa asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Zikiachwa zilivyo hazina ubaya mkubwa. Zikivunjwa na kufagiliwa zikiwa kavu, vumbi lake linaingia mapafuni na madhara yake yanakuja baada ya miaka mingi. Vijana wa kubomoa hapa kwetu wanapewa nyundo na chupa ya maji ya kunywa. Kwa sababu hiyo tu, hata aliyetaka kuvunja hakupaswa kuvunja kesho.

Ugomvi wa ndugu

Wapo watoto saba, mama wawili. Nilipowasomea ripoti tulikaa sebuleni kwa dada mkubwa, wengine wakiwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Yalikuwapo mawazo matatu.

Mdogo wao wa kiume, anayeishi Dar, alitaka livunjwe, zijengwe fremu za maduka chini na vyumba juu. Hakuwa mtu wa tamaa. Ndiye anayesomesha watoto wa marehemu kaka yake. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Fundi, picha hazilishi watoto." Hoja yake ilikuwa na uzito. Reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora na kutoka hapa kuendelea Isaka na Kigoma. Treni zikianza, kiwanja cha katikati ya mji kitapanda bei, na fremu zinalipwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Wengine wawili walitaka kupangisha ukumbi kwa kikundi cha ibada kilichokuwa tayari kuhamia jengo likiwa hivyo hivyo. Sikulidharau wazo hilo. Jengo lenye watu ndani lina mtu wa kuona tone la kwanza. Ila hakuna aliyekuwa tayari kujaza watu mia mbili chini ya kenchi zile nne, na mimi nisingeweka saini.

Dada mkubwa na mdogo wake wa kike walitaka lirudi kuwa sinema. Na hapa nililazimika kuwavunja moyo kidogo, ingawa moyo wangu ulikuwa upande wao. Ile mashine haitaonesha picha tena, maana filamu za mkanda hazisambazwi. Kazi hiyo leo inafanywa na projekta na kompyuta. Hilo ni rahisi. Gumu ni hesabu. Chukua mfano watu 150 wanalipa shilingi 3,000 kila mmoja: ni 450,000 kwa usiku. Fanya mara mbili kwa wiki: 900,000. Toa umeme, malipo ya haki za picha, walinzi, usafi, kodi. Kinachobaki kinaweza kuwalipa vijana watatu na kufagia mfereji. Hakilipi paa, na hakiwalipi ndugu saba.

Kwa hiyo nikawaeleza ninachokiona kinawezekana. Ukumbi wa kazi nyingi, ambao picha ni usiku wake mmoja au miwili tu. Mji wetu una vyuo na shule nyingi zinazohangaika na mahali pa mahafali. Una AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za tumbaku zinazokodi kumbi kwa mikutano ya wanachama. Una harusi na sendofu kila mwisho wa wiki baada ya mavuno. Tatizo ni ile sakafu inayoteremka: meza za harusi hazikai kwenye mteremko. Ukisawazisha yote, unaua sinema, kwa sababu aliye nyuma ataona kisogo cha aliye mbele. Nilipima upya. Theluthi ya mbele, zilipokuwa benchi za bei ya chini, imeteremka kidogo sana. Ikiinuliwa kwa sakafu ya mbao juu ya mihimili inapatikana nafasi tambarare ya meza 20, na nyuma mteremko unabaki na viti. Chumba cha mashine kibaki kilivyo, na mashine yake na mabamba yake ya chuma, watoto wa shule wapande wakaone.

Tulibishana hadi magharibi. Na katikati ya mabishano hayo nikaomba kuiona hati.

Karatasi

Ilichukua muda kuipata. Ilikuwa kwenye mkoba wa marehemu, ndani ya bahasha ya khaki. Nikaisoma kwa sauti. Hati ilitolewa 1984, marehemu aliponunua, kwa muda wa miaka 33.

Nikasimama hapo. Nikawauliza kama kuna aliyeihuisha. Kimya. Miaka 33 ilikwisha 2017. Kaka mkubwa, aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, alifariki bila kuikamilisha. Sheria inamtaka msimamizi awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Yake ilibaki kwenye rasimu. Kodi ya pango la ardhi haikulipwa tangu alipougua.

Ardhi ya nchi hii ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini, na sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda. Muda ukiisha unaomba kuhuisha. Anayeomba lazima awe na mamlaka ya kuomba, yaani msimamizi aliye hai na anayetambuliwa na mahakama. Ndugu saba walikuwa wamenuniana mwaka mzima juu ya kuvunja, kupangisha au kufufua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kufanya lolote kati ya hayo matatu. Anayetaka fremu hatapata kibali cha ujenzi Manispaa bila hati, wala benki haitamkopesha. Wenye wazo la kupangisha hawana wa kusaini mkataba. Na wanaotaka sinema wanahitaji kibali cha ukarabati, cheti cha Zimamoto na leseni, vyote kwa jina la mtu ambaye bado hayupo.

Niliwaambia wazi: swali la jengo liwe nini liwekwe kando. Kuna mambo mawili tu ya kufanya mwaka huu, paa na karatasi, na yote mawili yanahitajika kwa wazo lolote litakaloshinda. Hata anayetaka kuvunja anahitaji ukuta usimwangukie mtoto wa mtu kabla ya siku ya kuvunja.

Mdogo wao wa Dar alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Hapo nimekuelewa." Alikuwa wa kwanza kutuma hela.

Kwa nini nalipigania

Nilipewa kazi ya kukagua, na ukaguzi umekwisha. Lakini sitaficha ninachokitaka.

Tabora tunajisifu kwa historia. Tuna tembe la Kwihara alikokaa Livingstone na Stanley, linalindwa na kuoneshwa kwa wageni. Tuna boma la Wajerumani. Tunakumbuka mkutano wa TANU wa Januari 1958 na Uamuzi wa Busara, wa kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Vyote hivyo vinastahili. Ila vyote ni kumbukumbu za misafara, za dola na za siasa. Mbeba mizigo wa stesheni, mama wa Kanyenye, kijana wa shule aliyetoroka bweni kupitia dirishani, alipokuwa na shilingi yake Jumamosi jioni alikwenda wapi? Alikwenda pale. Hakuna jengo jingine mjini lililotunza jioni zao.

Na sheria haitalilinda lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La karne iliyopita linahitaji tamko la waziri. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya historia au usanifu, lakini ni lazima mtu alitaje, alipeleke mezani. Zanzibar wana sinema ya Majestic, iliyojengwa upya 1955 baada ya ile ya kwanza kuungua. Iko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na bado paa lake liliporomoka na imewabidi watu waipiganie ifufuke. Ikiwa ya kule imepata tabu hiyo, hii yetu isiyo na jina kwenye daftari lolote ni ya kuwahi.

Tulichofanya

Mtini tuliukata, tukaua mizizi, hatukuing'oa kwa nguvu maana ingeondoka na tofali. Tulizoa magunia 31 ya udongo wa majani kwenye mfereji. Bomba la zamani tuliliacha, tukaongeza la pili upande wa magharibi ili moja likiziba lingine lichukue, na tukaweka wavu. Kenchi nne tukaziegemeza kwa mirunda kutoka sakafuni, tukakata ncha zilizooza, tukaunga mninga mpya kwa mabamba ya chuma na bolti, mninga wenye kibali kutoka msitu wa mkoa huu huu. Ukuta wa mbele tukaufunga kwa vyuma vinne kwenda kwenye kenchi nzima za nyuma. Lipu ya saruji ya ndani tukaibandua yote, ukuta upumue. Silingi ya balkoni hatukuigusa. Rangi hatukupaka, ingawa wapita njia waliuliza kila siku kwa nini fedha yote ile haionekani.

Dada mkubwa ameomba usimamizi mpya, ndugu wote wamesaini kumkubali. Maombi ya kuhuisha hati yanasubiri barua ya mahakama. Fremu, ukumbi au sinema, hilo watakaa tena baada ya hati.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Novemba, ile ya upepo na radi inayong'oa mabati. Sikulala vizuri. Alfajiri nikachukua baiskeli. Nilipofika, mzee wa mashine alikuwa amenitangulia, amesimama chini ya mwembe na mwavuli wake, anatazama bomba la magharibi likimwaga maji barabarani kama mfereji wa kijijini. Tukafungua. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa mbele, mahali penye ile ramani ya chumvi, nikakishusha polepole hadi usawa wa kiuno. Pakavu. Mzee naye akaweka chake, kisha akapanda ngazi kwenda juu, kuangalia mashine.